Goti la Babu Meno

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mama anahama. Nyumba tuliyokulia inarudishwa kwa mwenye nyumba, naye anakwenda kuishi kwa dada yangu. Leo tumefungua kabati la chumba cha nyuma. Chini ya mapazia ya zamani, nani tena? Babu Meno! Roboti wetu wa plastiki, anayejigeuza kuwa dinosaria. Kijani mgongoni, dhahabu kifuani, mkiani alama za meno ya Dada, aliyekuwa akiutafuna kila akifanya hesabu. Nikamnusa. Bado ananuka betri za zamani na sabuni ya mche. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Nikasema ni wangu. Dada akasema ni wake. Mimi nina miaka arobaini na sita, yeye amenizidi minne, na utu uzima wetu tukaubwaga pale pale sakafuni, huyu kashika kichwa, huyu mkia. Mama akasema tukimvunja atatuchapa wote wawili.

Nikatoa hoja ya kisomi. Maroboti wa namna hii siku hizi wanakusanywa na watu wazima wenye akili zao. Kama Babu Meno ni bora, anastahili kabati la kioo, yaani la kwangu. Kama ni hafifu, basi ni kichezeo tu, Dada amchukue akamweke juu ya friji. Mtaalamu aamue. Dada akacheka, akakubali, akaniachia Babu Meno nimtunze mpaka Jumamosi. Masikini! Hajui anacheza na nani.

Jumanne, tarehe 4

Mtaalamu ni daktari wa meno wa mtaa wa pili. Chumba chake cha kusubiria kina kabati zima la maroboti, na watu humletea maroboti wao awapimie. Nikaenda kumpeleleza, nikisingizia jino linaniuma. Amesema yote bila kuulizwa mara mbili! Anatoa alama kumi. Tatu za rangi. Tatu za kusimama bila kuyumba. Nne za kugeuka. Roboti akifika saba, ni bora.

Kisha akasema jino lenyewe kweli limeoza, akalitoboa na kuliziba. Hilo sikulipanga. Nusu ya uso imekufa ganzi na chai yote imeishia shatini. Lakini siri ninayo.

Alhamisi, tarehe 6

Nimemkagua. Rangi safi kabisa. Tatizo ni goti la kushoto, limelegea. Nikimsimamisha anaketi taratibu, kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Nimesoma kwamba wakusanyaji hupaka kiungo rangi ya kucha isiyo na rangi, safu nyembamba tu, kikakaza. Nikachukua ya mke wangu bila kuomba. Ikakaza kidogo. Kidogo kitanifikisha wapi? Mimi nauza viatu, na dukani tuna gundi ya kubandikia soli. Nikatia tone moja. Halafu la pili, ili la kwanza lisijione mpweke. Sasa Babu Meno amesimama kama askari wa gwaride!

Mke wangu akauliza kama nimejaribu kumgeuza. Nikamjibu kila jambo na wakati wake.

Ukweli, ambao nauandika humu tu: sijawahi kumgeuza mwenyewe hata siku moja. Utotoni nilikuwa nakwama kwenye shingo. Naita, Dadaa! Naye anaacha daftari lake, anakuja na vidole vyenye wino, tik, tak, tik, roboti anazama na dinosaria anatokea. Kila jioni. Nikitaka roboti tena, namwita tena. Sikumbuki hata mara moja akisema hana nafasi. Mungu wangu, zile jioni!

Ijumaa, tarehe 7

Dada amepiga simu kuuliza kama nimemgusa Babu Meno. Nikasema sijamgusa hata kwa ncha ya kidole. Akauliza kama nina lolote la kumwambia. Nikasema sina. Akakata simu. Ananitega, lakini mimi si wa kutegwa.

Nimetafuta mahali pa kabati la kioo. Ukuta mzuri ni ule wenye picha yetu ya harusi. Nimeishusha. Mke wangu haongei nami.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya hukumu. Sebule ya Mama ni tupu, tumekalia maboksi. Daktari akaja na taa yake ya kichwani na kile kioo kidogo cha kutazamia magego. Akamkagua Babu Meno kinywani kwanza. Mazoea hayana dawa.

Rangi: tatu. Nikamkonyeza Dada. Kusimama: tatu! Daktari akasema tangu aanze kazi hii hajaona roboti mkongwe mwenye goti imara namna hii. Nikasema ni matunzo.

Kisha akaanza kumgeuza. Shingo ikatoka, mkia ukashuka, mkono ukajikunja. Mguu wa kulia ukaingia mahali pake. Wa kushoto, wapi! Akasukuma. Akavuta. Akapuliza. Akaunusa, akanitazama, akauliza nafanya kazi gani. Babu Meno akabaki vile, kichwa cha dinosaria na mguu mmoja wa binadamu umenyooka mbele.

Kugeuka: sifuri. Jumla sita. Daktari akaeleza, bila huruma, kwamba goti lililolegea kwa uzee lingempunguzia alama mbili tu. Angepata nane.

Nilitamani ardhi ipasuke. Dada akacheka mpaka akateleza kwenye boksi, Mama naye. Halafu Dada akafuta macho, akasema wiki nzima alikuwa anasubiri simu yangu. Alijua siwezi kumgeuza. Alijua nitakwama, nitamwita, naye angekuja. Alimtaka Babu Meno kwa sababu hiyo tu, kwamba siku hizi hakuna anayemwita.

Nikamwambia simu yangu haikuwa na chaji.

Jumapili, tarehe 9

Wameondoka, Mama, Dada na Babu Meno. Nimebaki kufagia. Chumba cha nyuma kitupu ni kidogo mno. Sijui tulienea vipi. Nikasimama pale nikaita Dadaa kwa sauti ndogo, kujaribu tu. Nimelia bila kusingizia vumbi, maana nilikuwa nimeshalifagia.

Jumatano, tarehe 12

Dada amelilegeza goti kwa maji ya moto na subira. Akanipigia simu nisikie: tik, tak, tik. Nilikuwa stoo, katikati ya maboksi ya viatu vya shule. Mteja akasubiri sana.

Mke wangu amerudisha picha ya harusi ukutani. Akaniuliza kwa nini nisimwambie tu Dada kwamba nina hamu ya kumwona, nikaenda kumtembelea. Mke wangu ni mtu mwema, ila hana mbinu.

Nimempigia Dada. Nikamweleza, kwa sauti ya kiofisi, kwamba kwa mujibu wa daktari, roboti aliyetolewa gundi lazima akaguliwe na pande zote mbili, kila Jumapili, saa ya chai, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Akasema sawa, tena bahati nzuri kesho anampeleka Mama kwa daktari huyo huyo, atamwuliza mwenyewe.

Sina budi kumwahi. Kesho mapema nitakuwa wa kwanza kwenye kile kiti, nimpange daktari. Nimeshachagua jino.