Uzinduzi wa Mradi wa Kuvusha Gogo la Jomvu Kuu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na ambaye nafasi yake ninaikaimu mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uvushaji wa Magogo Mazito, ambaye pia ni mimi. Bi Faith, katibu wetu, unayenishikia mwavuli. Maustadhi, wachungaji, akina mama mlioketi na mliokosa pa kuketi. Na wewe, Bi Tumu, mama wa bibi arusi wa kesho: shikamooni, asalamu aleikum na Bwana asifiwe. (Marahaba chache.)

Nimesimama juu ya gogo hili la mkwaju si kwa kiburi, bali kwa sababu ndipo mahali pekee pakavu baina ya hori la bahari na nyumba zenu. Itambulike pia kwamba kutoka barabarani nimeletwa mgongoni na Kefa, ili viatu hivi, ambavyo ni sehemu ya itifaki, visichafuke. (Kefa anajinyoosha kiuno.)

Mkwaju huu, kama mnavyojua, uliangushwa na upepo mwaka jana. Mwezi wa Januari, ulipokuwa umekauka na ardhi ikiwa ngumu, Bi Nyamvula na wenzake walikuja na mashoka wakitaka kuupasua wabebe kuni zao. Ni mimi niliyewazuia. Niliwaeleza, kwa mujibu wa waraka nilioutunga mwenyewe, kwamba mradi wa kuvusha gogo hauwezi kutekelezwa pasipo gogo, na kwamba likishapasuliwa litakuwa kuni, na kuni haziko chini ya kamati yangu. (Minong'ono.) Nikalifunga utepe mwekundu, nikamsubiri mgeni rasmi. Masika yakatangulia kufika.

Tangu hapo kamati imefanya mikutano kumi na minne, semina mbili huko Shanzu, na ziara moja ya mafunzo huko Mkomani, ambako hakuna gogo wala tope. Tulichambua mikakati, logistiki na teknolojia mbadala. Tuliweka vipande vya minazi chini yake viwe magurudumu, vikazama. Tukaita wanaume ishirini na kamba, kamba ikaja, gogo likabaki. Hata hivyo, ninajivunia kutangaza kwamba gogo limesogea shubiri tatu, kutoka shubiri moja ya mwezi uliopita, ambalo ni ongezeko la asilimia mia mbili. (Sauti kutoka nyuma: "Upande gani?") Kwenda chini. (Kicheko.) Kusogea ni kusogea.

Ninafahamu kwamba kesho mchana ni walima wa Fatma, binti wa Bi Tumu, na kwamba Mwidani, mpishi wetu, amekataa gesi. Amenieleza mara tatu, na mara ya tatu hakuniamkia, kwamba pilau ya arusi hupaliwa kwa makaa juu ya kifuniko, kwamba makaa ya mkwaju ndiyo yakaayo, na kwamba kuni zisipofika uani mwa Bi Tumu leo kabla ya alasiri, zikapata kupangwa na kukauka vyema, wageni mia tatu watakula mchele mbichi huku wakilitaja jina langu. Kwa sababu hiyo ofisi yangu imeagiza trekta lenye mnyororo, litakalofika wakati wowote kuanzia sasa. (Watu wanatazama barabarani. Barabarani pana mbuzi.)

(Bi Nyamvula anasimama, shoka begani. "Mheshimiwa, alasiri hiyo inakuja. Shuka tupasue.")

Bi Nyamvula, hoja yako imepokelewa, na itawasilishwa mbele ya kamati katika kikao chake kijacho.

("Kamati si ndiyo wewe?" anasema Bi Tumu, taratibu. "Mwanangu huyu ndiye wa pekee, baba. Shuka.")

Basi nitafupisha. Kaulimbiu yetu ni hii: Gogo zima, jamii nzima! (Hakuna anayeitikia.) Tope halituwezi! (Gogo linadidimia. Maji yanafika kwenye kisigino cha kiatu.) Kaulimbiu hiyo ya pili ninaifuta.

Ninawashukuru wote waliofanikisha mradi huu. Ninalishukuru trekta, ambalo halikuagizwa. Picha yake mliyoiona ofisini niliikata katika kalenda. Ninaishukuru kamati, ambayo katika mikutano yake yote kumi na minne niliuliza mimi na nikajibu mimi, Bi Faith akaandika. Ninamshukuru mgeni rasmi, ambaye sikumwalika, kwa kuwa sikuwa na cha kumwonyesha. Mradi haukuwapo. Palikuwapo gogo, nanyi mlikuwa na mashoka, na katikati nilikuwapo mimi. Mzigo mzito pekee uliovushwa katika tope hili mwaka huu ni mimi, na aliyeuvusha ni Kefa.

(Mheshimiwa anakata utepe, anavua viatu, anashuka. Tope linamfika magotini. Shoka la kwanza linaangukia gogo, kisha la pili.)

Kefa, usije kunichukua, wewe beba kuni. Nakushukuru kwa kunisikiliza, Bi Tumu. Na wewe, Bi Nyamvula, hilo pande nene hapo, tafadhali, nitwike.