Mungu Asiyerudi Nyuma

Ofisi ya Kuhifadhi Majengo ya Kale na Kupanua Barabara ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti, kwamba ukumbi wa nguzo ulio nje ya hekalu la mungu Shiva mjini Tirunelam umeingilia barabara. Ukumbi ulijengwa na wafalme wa Chola miaka elfu moja iliyopita. Barabara ilitiwa lami mwaka juzi. Uchunguzi ulionyesha wazi nani alimwingilia mwenzake.

Ripoti ilikuwa ya haki. Ilikiri kwamba nguzo ni nzuri. Ilisikitika tu kwamba mawe yalipangwa bila saruji, kwamba mjenzi hakuomba kibali, na kwamba wacheza ngoma waliochongwa humo huwachanganya madereva. Kwa hiyo ukumbi ungebomolewa, ili uhifadhiwe vizuri zaidi katika picha.

Thaiyamma, muuza maua ya asumini, alisikiliza tangazo akiwa ameegemea nguzo ya pembeni. Marehemu mumewe, Kaliyan, alikuwa mbebaji wa machela ya mungu. Kila sikukuu, machela ilipotuliwa ukumbini, aliegemea nguzo hiyo kupumua. Mgongo wake, na migongo ya baba zake kabla yake, ilikuwa imelilainisha jiwe hadi likaingia ndani kidogo. Mwili wake ulichomwa, majivu yakaenda mtoni, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya kupanga. Hapo tu ndipo palipobaki umbo lake.

Akaenda ofisini kupinga. Mkuu wa ofisi, Bwana Sambandam, alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kukataa.

“Mama, pingamizi tunalipokea kwa mwenye mali peke yake.”

“Mwenye mali ni mungu, bwana.”

“Basi aje. Sheria inamtambua kama mtu. Ana mashamba, ana kesi. Wenzake wote huja hapa wakasubiri.”

“Kuhani hawezi kumsemea?”

“Wasemaji hudanganya.” Akagonga mhuri: mwenye mali afike mwenyewe, apite lango kuu, asubiri kuitwa.

Thaiyamma alimpelekea habari Veeraiyan, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye kiongozi wa wabebaji.

“Shemeji, una mabega bado, au umebaki kitambi tu?”

“Kitambi ndicho kinachotuliza machela. Kuna nini?”

“Mungu kaitwa ofisini.”

Veeraiyan alifikiri kidogo. “Hata yeye,” akasema, akaenda kutafuta kamba.

Jumatatu asubuhi sanamu ya shaba, ile inayotembea mjini kwa niaba ya sanamu ya jiwe isiyotoka hekaluni, ilitolewa chini ya mwavuli wa hariri, zumari na ngoma zikitangulia na mji mzima ukifuata. Ikapita lango kuu la ofisi kama ilivyoagizwa. Karani akauliza jina la baba wa mwenye mali. Kuhani akaeleza kwamba huyu alikuwapo kabla baba hawajakuwapo. Karani akaandika: yatima.

Bwana Sambandam alivua viatu, kwa kuwa mbele ya mungu hakuna anayevaa, akaketi sakafuni, kwa kuwa hakuna anayekaa juu kumzidi. Kutoka huko chini alitamka kwamba mwenye mali ameonekana, pingamizi limekataliwa, aende salama.

Hakuna aliyesogea.

“Nini tena?”

“Lango liko nyuma yetu, bwana mkubwa,” akasema Veeraiyan.

“Tokeni kwa hilo hilo.”

“Huyu harudi alikotoka. Huzunguka, hekalu likiwa kuumeni kwake, mpaka afike mlangoni kwake. Hata wafalme hawakumgeuza.”

Bwana Sambandam alizaliwa mji huo huo na alijua. Aligeuza macho. Nyuma ya meza yake palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta, Mtaa wa Kaskazini, unaozunguka hadi mlango wa hekalu.

“Basi akae,” akasema.

Akakaa. Na palipo na mungu pana taa, pana maziwa ya kumwogesha, pana nyimbo, pana masufuria ya wali na dengu. Makarani walinenepa. Kazi za ofisi zilisimama, jambo ambalo halikugunduliwa upesi. Kisha waziri akafika kuzindua upanuzi, akakuta umati wa wapiga kura, na mkuu wake wa ofisi kakaa chini pekupeku.

“Nani amemfunga mungu?” akauliza waziri, kwa sauti ya kusikika mbali.

Jioni hiyo hiyo ilitoka ripoti mpya, yenye haki vilevile: ukuta wa ofisi umeingilia njia ya mungu, na mjenzi wake hakumwomba kibali. Tingatinga lililoletwa kwa ajili ya ukumbi likageuzwa. Mungu akatokea pale ilipokuwa meza ya Bwana Sambandam, akaenda zake. Na kwa kuwa alipopita mara moja hupita kila mwaka, ukuta haukujengwa tena. Ng'ombe waliijua njia mapema kuliko watu.

Ofisi ikahitaji makao ya muda. Wahandisi walikagua mtaa mzima, wakaripoti kwamba jengo moja tu ni imara. Bwana Sambandam akaja na kiti chake ukumbini, mikono imejaa mafaili, jasho likimtoka. Akatafuta pa kuegemea, akaona nguzo iliyolainika vizuri.

Thaiyamma hakuacha kufuma maua.

“Hapo pana mtu, bwana,” akasema. “Sogea nguzo nyingine.”

Akasogea.