Mtungi wa Malenge kwa Mzee Kituyi

Jumatatu, 17 Desemba 1951

Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako, lifunge. Ukishindwa, soma bila kutembeza midomo. Neno moja likimfikia Mama Kavetsa, kiongozi wa akina mama kanisani na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nitafutwa kanisani asubuhi na ofisini mchana.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Kituyi, nyapara wa shamba moja kule Soy, atakula Krismasi kwangu. Nataka kumwoa binti yake Selpha. Selpha ameniambia wazi kwamba baba yake hasikii habari za posa koo likiwa kavu, na chai haihesabiwi. Nami ni karani, muumini, tena mwoga. Harufu ya busaa, pombe yetu ya nafaka, inajulikana na lokesheni nzima, mtaa huu wetu wa wafanyakazi. Askari wanaijua zaidi.

Lakini nimepata njia! Katika gazeti kuukuu la ofisini nimesoma kwamba kwao Wazungu hupika pombe ya malenge kwa sikukuu, yenye viungo. Pombe inayonukia kama chakula! Nani atashuku malenge?

Jumatano, 19 Desemba

Nimenunua malenge kwa mama mmoja anayetoka kijiji cha Ziwa. Kubwa mno. Nimelibeba kifuani chini ya koti. Njiani mwanamke ameniuliza mtoto ana umri gani. Nimesema miezi sita. Ameomba amwone. Nimekimbia.

Nimelichemsha, nimeliponda, nimetia sukari guru, kimea cha wimbi, tangawizi na mdalasini. Gazeti halikutaja kipimo cha karafuu. Nimemimina zote.

Alhamisi, 20 Desemba

Pombe imekataa kuchacha. Baridi ya Eldoret! Jana niliupa mtungi blanketi langu, nikalala na koti. Leo mtungi kimya, mimi napiga chafya.

Nimeusogeza kwenye ukuta wa Mama Kavetsa, mahali jiko lake linapopasha matofali. Jioni umeanza kunong'ona. Akili!

Mama Kavetsa naye ameanza kubisha hodi. Alitaka kujua ni nini kinachonukia vizuri hivyo. Nimesema uji wa malenge, dawa ya tumbo. Akasema tumbo limemsumbua tangu Pasaka, kwa hiyo atanipikia kuku wa Krismasi, nami nitampa uji. Nimekubali. Kwa nini nimekubali? Mdomo wangu hautaki ushauri.

Jumamosi, 22 Desemba

Lazima mtu aonje. Si mimi, niliapa mbele ya kanisa. Nimemwita Kipyego, karani mwenzangu, anayekitamani kiti changu cha dirishani. Amekunywa kikombe kizima, akaondoka akipiga mluzi.

Jumatatu, 24 Desemba

Kipyego hayupo kazini! Hakuna karani anayejua aliko. Nimemuua. Nimeiombea roho yake, kisha nikaiombea yangu kwa muda mrefu zaidi.

Kumwaga siwezi. Mzee Kituyi ametuma salamu kwamba anaacha nafasi tumboni. Hata hivyo Kipyego alikuwa mwembamba. Mzee ni mnene. Huenda ikampitia tu.

Jumanne, 25 Desemba. Krismasi

Niandike kwa utaratibu.

Wamekuja Mzee na Selpha. Mama Kavetsa ameleta kuku, akajimiminia uji wake bila kungoja mtu. Kikombe cha kwanza akasifu karafuu. Cha pili akaanza wimbo wa kanisa. Cha tatu akaanza wimbo ambao si wa kanisa. Nilimtazama nikingoja aanguke. Hakuanguka.

Nikampa Mzee kikombe. Akakishika tu, akinitazama.

“Kijana, kwetu mwenye mtungi ndiye anayeanza.”

Nikamfikiria Kipyego. Nikasema nimeshiba.

“Umeshiba kitu ambacho hujakionja?”

Akakiweka kikombe chini, mbali kidogo, kama mtu anayeweka nyoka. Selpha alinikazia macho akiinua kidevu: kunywa! Mafunda mawili tu na ningepata mke. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno badala ya kuingia pombe.

“Mzee, niliapa kanisani. Pombe siigusi.”

Wimbo ukakatika. Mama Kavetsa akauliza polepole ni pombe gani hiyo.

“Hiyo uliyoshika, mama,” Mzee akasema, “na naona mmeelewana.”

Mama Kavetsa akakitazama kikombe. Akamaliza kilichobaki. Akasimama, akaufuata mlango kwa uangalifu mkubwa, akageuka.

“Huu ni uji, Wepukhulu. Na utakuwa uji mpaka nife.”

Selpha akakinyakua kikombe cha baba yake, akanywa chote, akasema ni tamu. Mzee akavaa kofia. Akamwambia Selpha basi yeye ndiye anayefaa kutoa ng'ombe wa mahari, kwa maana hapa mwanamume hajaonekana. Wakaenda. Na paja la kuku pia.

Alhamisi, 27 Desemba

Kipyego amerudi! Mzima, amenenepa! Alikuwa kwao Kapseret kwa ruhusa ya bwana mkubwa. Ameuliza kama pombe imebaki. Mama Kavetsa ameuliza hilohilo, kwa sauti ya chini, kupitia dirishani. Hawezi kunishtaki bila kujishtaki.

Selpha ametuma ujumbe: baba yake atakuja tena Pasaka, na sharti ni moja tu, nionje kwanza.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Kosa lilikuwa la malenge. Ni zito, linaonekana kikombeni kama limenywewa au la. Pasaka nitapika pombe ya nanasi, nyeupe kama maji, nami nitashika kikombe cha maji yenyewe, ninywe mbele ya wote bila hofu. Mpango hauna tundu.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa licha ya kuombwa, kama una mananasi mabivu, usije ofisini. Pitia nyuma ya lokesheni, chumba chenye mlango wa kijani, useme umeleta vitabu vya nyimbo. Ukikosea mlango akafungua Mama Kavetsa, usihangaike. Mwachie yeye mananasi.