Paa Jipya Lililonigombanisha na Mama Jasi

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mtaa mzima ukitazama, na ushahidi uko juu ya paa langu kwa herufi kubwa. Mikono inanuka thina. Naandika haya nimeketi kwenye jukwaa la mafundi, napumzika kidogo, kwa sababu nisipowaambia ninyi nitapasuka.

Ngoja nianze mwanzo.

Nyumba yetu iko Hounslow, huku ughaibuni. Paa lake lilikuwa limechoka kitambo. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo darini, mbili, halafu tatu, halafu na lile beseni la kuogeshea mtoto tulilodhani tumeshalitupa. Mwaka huu mke wangu, Mama Neema, akasema basi, tuezeke upya. Mimi nikafurahi, maana nilikuwa na ndoto yangu: vigae vyekundu. Vyekundu kabisa, kama nyumba za watu waliofanikiwa kule kwetu Moshi. (Mimi napakia mizigo uwanja wa ndege. Nilitaka mafanikio yangu yaonekane hata na marubani.)

Sasa, ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha na sisi, anakaa Mama Jasi. Ni mama wa Kisingasinga, mzaliwa wa Arusha, mjane, umri umeshapita sabini, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Tulipohamia hapa bila ndugu hata mmoja, yeye ndiye aliyetupokea. Mimi na mke wangu tulipokuwa tunapishana zamu, binti yetu Neema alishinda kwake, akala kwake, akalala kwake. Kwa kifupi, huyu ndiye mama yetu wa huku.

Aliposikia habari za vigae vyekundu, alivuka barabara siku hiyo hiyo.

"Baba Neema, chukua vya kijivu, vile vya jiwe. Mtaa mzima ni kijivu."

"Mama, mimi napenda vyekundu."

"Wewe utakuwa chini yake, hulioni. Mimi ndiye nitakayelitazama kila asubuhi nikinywa chai."

Nikamjibu, na hapo ndipo nilipokosea, "Lakini Mama, paa ni langu."

Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Haya, ni lako," akarudi kwake. Wiki hiyo hiyo Mama Neema naye akasema kijivu, nikajua sina kura. Tukaagiza vya kijivu, vile vyembamba vya jiwe halisi. Yale maneno nikayasahau, nikadhani na yeye kayasahau.

Vigae vikaja Ijumaa. Vikapangwa mbele ya nyumba, nje kabisa. Hakuna geti la maana, hakuna mlinzi, na mafundi wanaanza Jumatatu! Usingizi ukaniruka.

Lazima mnielewe. Miaka ile nilipojenga Moshi nilikuwa nasimamia kwa simu. Mabati yakanunuliwa, yakafika kiwanjani, na baada ya wiki mbili nusu hayapo. Nilipokwenda likizo niliyakuta. Yalikuwa yameezekwa kwenye baa ya jirani, na mimi nilikunywa soda mbili chini yake kabla sijaelewa. Tangu siku ile nikaapa kwamba vifaa vyangu vya ujenzi lazima viandikwe. Kwetu hili kila mtu analijua. Unachukua rangi, unaandika kila bati, na mwizi akiona maandishi anakwenda kutafuta la mwenzako.

Basi Jumamosi alfajiri nikatoka na kopo la rangi ya mafuta, nyeupe, iliyobaki tulipopaka mlango. Nikaanza: MALI YA BABA NEEMA. Kufika kigae cha tano mkono ukaanza kulalamika. Nikafupisha: SI YAKO. Fupi, kali, inaeleweka. (Kwamba wezi wa Hounslow hawasomi Kiswahili, hilo halikunijia hata kidogo.)

Lakini msidhani nilikuwa mjinga moja kwa moja. Kigae cha jiwe kina pande mbili. Upande mmoja kingo zake ni laini, zimenyooka. Upande wa pili kingo zimemegeka-megeka, utadhani zimetafunwa na panya. Nikajiambia, huu mbaya ndio unaokaa ndani, hautaonekana na mtu. Nikaandika huo. Nachomoa kimoja, naandika, naegesha kikauke, nachomoa kingine. Mama Neema akachungulia dirishani.

"Unafanya nini huko nje?"

"Nahesabu."

Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza rundo lote la upande wa mbele, na rangi imekwisha. Siku hiyo nililala usingizi mtamu sana.

Jumatatu mafundi wakaanza kazi. Mkuu wao anaitwa Kevin, Mwairishi mpole sana. Wakasimamisha jukwaa la vyuma, wakafunika juu kwa turubai kubwa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo sisi wa chini hatukuona kitu. Mimi wiki hii niko zamu ya asubuhi, natoka watu wamelala, narudi hoi. Jumanne Kevin akanitumia ujumbe mrefu. Ulinikuta nimeinua sanduku la mtu, nadhani alikuwa anasafiri na mawe. Nikaona kuna alama ya kuuliza mwishoni, nikamrudishia dole gumba, nikaendelea na kazi.

Lile dole gumba. Laiti ningekuwa sina!

Leo mchana turubai likatolewa. Kevin akanitumia ujumbe kwamba upande wa mbele umekwisha, nije nione. Nikashuka kwenye basi kama saa tisa na nusu, kifua mbele. Hata sijafika nyumbani nikapiga simu ya video kwenye kikundi cha ukoo. Wakapokea kaka zangu wawili na dada yetu mkubwa, Anna, wote wako Moshi. Nikaingia mtaani nimeinua simu juu, kamera imeelekea paa, lakini mimi mwenyewe natazama upande wa pili, kwa sababu nimemwona Mama Jasi dirishani kwake.

"Mama, shikamoo!"

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akanitazama vizuri tu. Kisha akavuta pazia.

Nilishtuka. Miaka yote hii Mama Jasi hajawahi kuninyima marahaba. Hata siku ya msiba wa mumewe aliniitikia. Nikasimama pale nimeduwaa, nikisema labda macho, labda masikio. Na simu mkononi ikaanza kelele.

"Wewe," dada Anna anauliza, "mbona limeandikwa?"

"Nini kimeandikwa?"

"Si hapo juu! Si yako, si yako, si yako... Kumbe umepanga? Si ulituambia mmenunua?"

Nikageuka.

Jamani!

Paa zima la mbele. Jipya, la kijivu, linang'aa juani, na juu yake, mstari kwa mstari, kuanzia kwenye mfereji wa maji hadi kileleni: SI YAKO. SI YAKO. SI YAKO. Mengine yamesimama sawasawa, mengine kichwa chini, maana siku ile niliandika nikizunguka rundo. Karibu na bomba la moshi yako matano yamefuatana. Na katikati kabisa, peke yake: MALI YA BABA NEEMA. Nikakaa kwenye ukuta wa bustani. Kaka zangu walikuwa wanacheka hadi mmoja akadondosha simu. Nikakata.

Kevin akashuka, anatabasamu.

"Vipi, umelipenda?"

"Kevin, haya maandishi..."

"Si nilikuuliza Jumanne? Nilikwambia upande wenye maandishi ndio unaokaa juu, je, ni sawa tuendelee? Ukanipa dole gumba. Tukadhani ni sala. Kwetu padri anakuja kunyunyizia nyumba maji, nikajua kila watu wana yao. Nikawaambia vijana waheshimu."

Waheshimu! Kumbe zile kingo zilizotafunwa na panya ndizo zinazokaa juu, ili maji yateleze vizuri. Ndivyo vigae vya jiwe vinavyolazwa. Kevin akanifariji kwamba nishukuru, karibu nusu ya maandishi yamefunikwa na vigae vya juu yake. Nusu! Nilipotazama sikuona kabisa kilichopungua.

Neema naye akatokea, anatoka shule. Akasimama. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini kusoma anasoma.

"Dad," akasema taratibu, "please tell me that's not our house."

Akazunguka akaingilia mlango wa nyuma, kofia ya koti imefunika uso.

Na hapo mlango wa ng'ambo ukafunguka. Mama Jasi akavuka barabara polepole na bakora yake, amevaa ndala za ndani. Mtu wa posta akasimama. Mafundi juu wakaacha kugonga. Akaja mpaka mbele yangu.

"Baba Neema. Nimesoma."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Mara moja ingetosha."

Nilitaka ardhi inimeze. Akaendelea, sauti ya chini kabisa:

"Mimi nilisema kijivu tu. Sikusema paa ni langu. Wewe ulisema ni lako, nikakwambia haya, ni lako. Sasa nimekukosea nini hata uniandikie mpaka kwenye bomba la moshi?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Ni ufunguo wa akiba wa nyumba yetu, anautunza yeye tangu Neema ana miaka minne. Akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole juu yake.

Hapo aibu ikaniondoka, nikaingiwa na hofu. Yule mama alikuwa ameketi dirishani tangu mchana anasoma paa langu mstari kwa mstari, na kila mstari anaamini ni wake. Nikaona kabisa nampoteza, kwa kopo la rangi.

Nikapiga magoti palepale kando ya barabara, na sare yangu ya kazi, ile yenye mistari inayong'aa. (Magari mawili yakapunguza mwendo. Moja nadhani lilifikiri kuna ajali.) Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mabati ya Moshi, baa, soda, kopo la rangi, upande wa panya, dole gumba.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliogopa wezi."

"Ndiyo, Mama."

"Wezi gani? Mbele yako hapa niko mimi na bakora, na yule bibi wa kona asiyeweza kubeba hata maziwa yake. Tungevipeleka wapi vigae vyako?"

Akaelekeza bakora juu ya paa.

"Na ukaandika kwa Kiswahili."

"Ndiyo, Mama."

"Mtaa huu, ukitoa nyumba yako, nani anasoma Kiswahili?"

"Ni... ni wewe, Mama."

"Mimi peke yangu!"

Akalitazama paa. Akanitazama mimi niliyepiga magoti. Akalitazama tena paa. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha yule mama akacheka! Alicheka akashika geti langu asianguke, bakora ikadondoka, mtu wa posta akaiokota, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nikapata moyo. Nikainuka, nikamnyooshea ule ufunguo.

Kicheko kikakatika.

"Futa kwanza," akasema.

Kevin akaniambia rangi ya mafuta ikishakauka kwenye jiwe ina mawili: ama nisubiri mvua za miaka mingi, ama nisugue. Akanipa kofia ya chuma, akanifunga mkanda kiunoni, akanionyesha ngazi inayolazwa juu ya paa. Akanipa na brashi na thina ya kuyeyushia rangi. (Alikuwa anajikaza asicheke, Mungu ambariki.) Mama Jasi akarudi kwake, akavuta kiti dirishani, akaletewa chai na Neema, msaliti mkubwa, na kuanzia hapo nikawa napewa maelekezo kutoka ng'ambo.

"Kushoto! Kushoto kwako! Hapo bado Y inaonekana!"

Nimesugua mpaka kwapa limeungua. Vigae thelathini na saba, nimehesabu. Cha thelathini na nane ni kile kinachotazamana kabisa na dirisha lake, kina maandishi makubwa kuliko vyote, nilikiandika bado nina nguvu. Nikamimina thina. Nikasugua S. Nikasugua I. Kisha nikaiweka brashi chini, nikasogea pembeni ili aone.

YAKO.

Mama Jasi akasoma. Akaweka kikombe, akafunga dirisha. Nikajiambia basi, nimeharibu mara ya pili. Kisha nikaona mlango wake unafunguka, anavuka barabara na ndala zake, anakuja kusimama chini ya jukwaa, ananyoosha kiganja juu.

"Lete."

Nikashuka, nikampa ufunguo. Akautia mfukoni, akaupapasa mara mbili kwa nje, akaenda zake. Mimi nikajifanya thina imeniingia machoni.

Kwa hiyo kile kimoja kinabaki hivyo hivyo, na Kevin ameshaambiwa asikiguse. Tatizo sasa ni vile vingine, bado kama mia mbili, na Mama Neema anarudi kutoka zamu, hajui lolote, yuko kwenye basi. Nawaomba sana msicheke. Na anayeona hawezi kujizuia, aje Hounslow acheke akiwa huku juu, ila aje na brashi yake.