Mashua ya Upepo na Usingizi wa Mtoto

Jumatano, 4 Juni
Dada, samahani. Uliponitumia mashua ya upepo, hii ya mpira ya kujazwa kwa pampu ya mguu, ulisema niandike kila siku inavyokwenda, nami nimekaa mwezi mzima bila kuandika hata nukta. Mtoto halali. Mimi silali. Ila leo kuna habari: wifi anaitaka. Kamwambia mama mkwe inazeekea kabatini. Mama mkwe kaamua: ikielea ziwani Jumamosi, yangu. Isipoelea, ya wifi.
Wifi hajui anamchokoza nani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda kwa fundi wa matairi, mtoto mgongoni. Akanipa somo: jaza sakafu kwanza, kisha mbavu mbili za pembeni, sawasawa. Ukibonyeza kwa kidole gumba ibonyee kidogo, basi, acha. Usiiache juani, upepo hutanuka. Nikamwambia nimesoma, nimeelewa.
Nyumbani nikakanyaga pampu. Fyuu, fyaa. Mtoto kalala! Nikaacha, akaamka. Nikakanyaga, akalala. Dada, nimegundua dawa. Nilikanyaga saa nzima, najisifu. Ubavu wa kushoto ukawa mgumu kama jiwe, kisha ukapasuka mshononi. Mtoto akaamka. Mtaa mzima pia.

Ijumaa, 6 Juni
Fundi kabandika kiraka. Kauliza kama nilisikia somo. Nilisikia vizuri sana. Hakuuliza kama nilifuata.
Nimejaribu kukanyaga pampu tupu. Hailii vile, na mtoto hadanganyiki. Basi mbinu: mashua ikijaa, nafungua vali polepole, nakunja kutoka nchani upepo uishe, naanza upya. Akili ni mali. Mtoto kalala saa mbili nzima; mashua imejaa mara sita.

Jumamosi, 7 Juni
Ziwani. Ukoo wote wa mume wangu umekaa kutazama, mtoto analia. Nikakanyaga, akalala kifuani kwa mama mkwe. Mashua ikajaa vizuri, hata fundi angenisifu. Wifi akasema haya, isukume majini. Nikamtazama mwanangu.
Nikafungua vali.
Mara nane, dada. Mume wangu akaninong'oneza niiweke majini ielee hata dakika moja, ushindi uwe wetu. Nikamwambia hiyo dakika akamwombe mwanawe. Jua likashuka, mashua haijaonja tone.
“Umeshindwa, wifi,” akasema dada wa mume wangu.
“Polepole, wifi. Utamwamsha.”

Jumapili, 8 Juni
Mashua imekwenda kwa wifi. Pampu sikutoa. Mama mkwe alisema mashua, hakusema pampu. Kutoka dirishani namwona wifi akiipuliza kwa mdomo tangu asubuhi. Na mwanangu jana alilala saa nne mfululizo. Sasa nani kashindwa?
Leo nimejaribu kujaza mpira wa mtoto wa jirani. Mwanangu alilala vizuri, mpaka pale mpira ulipopasuka.
Basi nitumie: mashua nyingine, kubwa kuliko ile. Viraka kumi na viwili. Gundi yake. Bomba la akiba la pampu. Na mpira mmoja, namba tano, mweupe wenye madoa meusi, ufike kabla jirani hajauliza.