Ndugu A. Ndunguru

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Mbinga imekuja na hasira mwaka huu. Dukani wateja wawili tu. Mmoja alitaka nimpigie chapa barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Wa pili aliuliza duka la Isidori liko wapi. Isidori! Yuko ng'ambo ya barabara, ana kompyuta na mashine ya fotokopi kama mimi, ila yeye ana watu.

Saa nne ikaingia barua pepe kwenye kompyuta ya marehemu Augustino. Mdogo wangu huyo. Alifariki Novemba, figo. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kilinipa kompyuta mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye duka. Mjane alipewa vyombo na blanketi mbili, akarudi kwao Liuli na mtoto.

Barua inaanza: Ndugu A. Ndunguru. Kampuni ya Dar. Wamepitia mfumo wa kupimia kahawa unaotumika kwenye chama chetu cha ushirika, mstari kwa mstari, na wameupenda. Wanamwita kwenye usaili wa Mhandisi Mwandamizi wa Programu, kwa video, Jumanne tarehe 17. Atume wasifu.

Masikini, hawajui kama amekufa. Nimesikitika kama dakika tano. Kisha nikaisoma tena. A. Ndunguru. Na mimi ni nani? Aidan Ndunguru! Simwibii mtu. Maiti haendi kwenye usaili.

Nimejibu kwamba nitakuwepo. Wasifu nimeumaliza kabla ya chakula cha mchana. Uzoefu, miaka 10. Mifumo niliyojenga, 20. Watumiaji, 5,000. Umekaa vizuri, unapendeza macho.

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza kujiandaa. Nimetazama video za watu wanaofundisha usaili wa wahandisi. Sijalala vibaya hivi tangu msiba. Jamaa anauliza, utaugeuzaje mti juu chini? Nimekata miti mingi Mpepai kwa baba, sijawahi kuombwa kugeuza hata mmoja. Nikadhani ni utani. Akaugeuza kweli, kumbe ni mti wa data, kwa mistari sita ya programu, huku anatabasamu.

Nimekariri maneno badala yake. Kanzidata. Usanifu. Uthabiti wa mfumo. Nikiyasema kwa sauti nzito yanatosha. Halafu hilo neno mwandamizi. Maana yake mtu mzima, mwenye mvi. Nina miaka arobaini na moja, sijaoa, na sina hata unywele mmoja mweupe. Hilo nitalishughulikia.

Tatizo ni huo mfumo wenyewe. Wataniuliza habari zake, na mimi ninachokijua ni kwamba ulinifukuzisha kazi. Nilikuwa karani wa mzani pale ushirika. Mfumo ulivyoingia tu, msimu uleule, nikaitwa ofisini nikaambiwa uzito ninaouandika una mashaka. Nani alisema? Isidori. Sina ushahidi, lakini ninajua. Alikuwa anapita pale na kutazama.

Augustino alikuwa na madaftari. Yako kwa mjane. Kesho Liuli.

Alhamisi, 12 Juni

Basi hadi Mbamba Bay, kisha bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilipeleka sukari na sabuni ili safari ionekane ya upendo.

Asteria alinipokea vizuri mno. Shikamoo shemeji, karibu shemeji, keti hapa penye kivuli shemeji. Amekonda. Anasaidia ndugu zake kuanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja, mikono imekuwa na magamba hadi kwenye viwiko. Mtoto ana kikohozi. Walinipa ugali wa muhogo na mbasa mzima, samaki wa wageni, na nikaona wao wanakula usipa. Nilikula mbasa. Kumrudisha kungekuwa dharau.

Nikamwambia nayataka madaftari ya marehemu, kwa kumbukumbu ya ukoo. Akayatoa chini ya godoro, manne, yamefungwa kwa kitenge. Akakaa karibu, akafungua la pili, akaanza kunieleza ukurasa fulani, jinsi mzani unavyozungumza na kompyuta, na kosa lililowasumbua mwezi mzima. Nikamwambia asijisumbue, haya ni mambo ya kitaalamu. Akafunga daftari. Akasema sawa shemeji.

Wakati wa kuondoka aliniuliza kama kuna barua pepe yoyote imekuja. Huwa anapiga simu kila wiki kuuliza hilo. Simu yake ni kitochi, haifungui barua, na kompyuta ninayo mimi. Nadhani anasubiri makaratasi ya mirathi. Nilimwambia hakuna. Makaratasi ya mirathi hayajaja, kwa hiyo sikudanganya.

Jumamosi, 14 Juni

Madaftari hayasomeki! Mwandiko ni mzuri, wa duara, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza, lakini ni mabano na mishale mitupu. Marehemu alikuwa anaandika kama kuku anayeparua, sikujua aliweza kutulia hivi. Nimekariri kurasa tatu kama sala. Zikikatizwa katikati, lazima nianze mwanzo.

Pigo jingine. Intaneti yangu haiwezi kubeba video. Picha inaganda, mdomo wazi. Mwenye intaneti ya uhakika ni mmoja tu. Nimevuka barabara. Nimemsalimia Isidori kwa meno yote. Nikamwambia nina kikao cha kifamilia na ndugu wa Dar.

Amekubali bila masharti. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi.

Jumanne, 17 Juni

Naandika haya kitandani, saa kumi jioni, viatu miguuni.

Asubuhi nilipaka unga wa sembe kwenye ndevu na juu ya masikio. Mvi safi kabisa. Koti la marehemu, tai ya marehemu. Isidori aliniangalia, akaniuliza kama ninatoka kusaga. Akaniweka kwenye chumba cha nyuma. Ukuta wake ni wa mbao, na yeye akabaki upande wa pili akijifanya anapanga karatasi.

Wasaili wawili. Mwenyekiti ni mama mmoja mpole, Eunice. Mwingine kijana mwenye miwani ambaye hakusema kitu. Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilisema kanzidata mara nne. Nilisema uthabiti. Mama Eunice akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua nyumba ya kupanga Dar.

Ndipo akaniuliza kuhusu sehemu moja ya mfumo, inayokagua uzito kabla haujapokelewa. Akasema ndiyo iliyowafanya waandike ile barua. Sehemu hiyo imepewa jina. Inaitwa shemeji. Akataka nieleze kwa nini.

Haimo kwenye kurasa zangu tatu. Nikakohoa, unga ukadondoka kwenye tai. Nikasema shemeji ni mtu anayeunganisha koo mbili, na sehemu hii inaunganisha mzani na kanzidata. Nilijipenda kwa jibu lile. Mama Eunice akasema ni maelezo mazuri, ila hayafanani na yale yaliyoandikwa pembeni ya mistari ya mfumo. Akayaleta kwenye kioo. Nimeyakumbuka yote, Mungu anisaidie niyasahau:

«Shemeji hubuni uzito. Namba zake zote huishia na sifuri: 40, 50, 60. Mzani wa kweli hauna adabu hiyo. Ukiona namba tatu za sifuri zimefuatana, simamisha, mwite mkulima apime upya.»

Kisha yule kijana akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akasoma wasifu wangu kwa sauti. Miaka 10. Mifumo 20. Watumiaji 5,000.

Lakini si hilo lililonimaliza. Augustino aliniita kaka. Tangu anaanza kuongea, kaka. Mimi sijaoa. Dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayeniita shemeji, na siku ya Alhamisi alikuwa anatoa magamba ya usipa kwenye kucha zake. Mwandiko wa duara. Ukurasa aliotaka kunieleza. Barua pepe anayoiulizia kila wiki. Kwenye cheti cha ndoa, Asteria Ndunguru. A.

Nilidhani miaka yote ile alikuwa anamshikia mumewe taa.

Mama Eunice akaniuliza kwa upole, nani aliyeandika mfumo huu? Jina lilifika kwenye meno. Naapa lilifika. Nikaona atakavyopigiwa simu, atakavyojua kuhusu barua, koti, madaftari, mbasa. Nikasema aliyeandika ni marehemu.

Mama Eunice akaweka kalamu chini. Akauliza, Ndugu A. Ndunguru amefariki? Nikasema Novemba, figo. Nikalia, na nililia kweli. Walinipa pole. Walisimama dakika moja, hata yule kijana. Nami nikasimama, tumbo likitazama kamera.

Jumatano, 18 Juni

Rambirambi zimekuja kwa barua pepe. Zimeandikwa vizuri. Chini wameongeza kwamba faili la marehemu limefungwa, na wataita mwombaji mwingine baada ya Ijumaa.

Isidori amevuka barabara na chapati mbili. Amesikia yote, hata lile neno shemeji, na amejumlisha mwenyewe. Akasema bado kuna siku mbili, niandike mistari mitatu tu, kwamba A. Ndunguru yuko hai, yuko Liuli, na namba yake ya simu ni hii. Akasema kompyuta yake na intaneti yake ninaweza kutumia bure. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba hajawahi kunisema pale ushirika.

Najua. Sasa najua. Lakini miaka miwili nimemchukia huyu mtu kila asubuhi, siwezi kuacha kwa ajili ya chapati. Anataka niaibike. Wivu huo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeandika mistari mitatu. Ilikuwa mizuri. Nikaona inahitaji utangulizi, wasije wakanielewa vibaya. Utangulizi umefika kurasa mbili na unanihusu zaidi mimi. Nimeufuta. Kesho asubuhi, akili ikiwa mbichi.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi umeme ulikatika. Hadi saa tano. Baadaye ulirudi, ukakaa mchana kutwa. Kwa Isidori hata haukukatika, ana betri.

Nimesafisha duka. Nimepanga karatasi. Nimefungua barua na kuifunga. Saa kumi na moja ofisi za Dar zimefungwa. Nilishusha pumzi, na nikajichukia kwa kuishusha.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya ukweli, kwa urefu. Nilihisi ananitazama mimi. Nikamtazama Isidori ili watu wajue anayesemwa ni nani.

Nimeamua kubadilika. Nimekaa na makosa yangu, nimeyachunguza moja baada ya jingine, kwa uaminifu. Kosa lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Kuna tangazo lingine, kampuni ya Arusha, wanataka mhandisi. Nimeandika wasifu upya. Uzoefu, miaka 11. Mifumo, 23. Watumiaji, 4,987. Nimezitazama namba hizo kwa muda mrefu. Zina sura ya watu walioishi.

Mchana Asteria alipiga. Shikamoo shemeji. Upepo wa ziwa ulikuwa unakata sauti. Mtoto bado anakohoa, wamempeleka hospitali ya misheni. Akasema hataki kunisumbua, ila kuna kazi aliomba kwa posta tangu Machi, hakutaka kumwambia mtu mpaka ajibiwe, kazi ya mambo yale aliyokuwa akifanya na marehemu. Kama ingekuja barua ingeonekana kwenye kompyuta ile. Akauliza kama nimeangalia vizuri.

Nikamwambia wiki hii nimeangalia mara kumi na saba.

Akairudia ile namba, kumi na saba. Kisha akasema ahsante shemeji, nimekuamini.