Tundu Langu kwenye Kibao cha Shangazi Ottilia

Jumatatu, 2 Septemba

Kitako cha bunduki yangu kimekamilika! Mbao ya mjozi, likizo nzima ya kiangazi, patasi, tupa, msasa, na plasta kwenye vidole viwili. Mtutu na kifyatulio amevifunga fundi wa bunduki wa mjini Bolzano, maana hayo si ya watoto. Lakini mbao yote ni yangu. Babu alikigeuzageuza, akakinusa kama mkate, akasema, "Nives, hiki kimechongwa." Babu anachonga watakatifu wa makanisa tangu ujana wake na hasifii ovyo. Nikaenda chooni kulia kidogo.

Aliuliza pia kama nilikipima vizuri begani. Nikasema ndiyo, Babu, vizuri kabisa. Nilipima nikiwa na fulana, kulikuwa na joto.

Jumamosi Shangazi Ottilia anaolewa. Kama kawaida ya chama chetu cha shabaha, kutakuwa na kibao cha harusi: duara la mbao lenye picha ya maharusi mbele ya kanisa, shada la maua katikati. Kila mmoja anapiga risasi moja tu. Tundu lake linabaki, jina linaandikwa pembeni, na kibao kinatundikwa ukutani kwa maharusi mpaka wazeeke. Shangazi anahamia Bolzano. Nataka tundu langu liende naye, tena liwe katikati ya shada. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka uwanja wa shabaha nilipokuwa siwezi hata kumsalimia muuza mikate.

Anayepiga karibu na shada anapigiwa makofi. Anayepiga mbali kuliko wote anapanda juu ya benchi na kutoa shukrani kwa niaba ya wageni.

Mimi! Juu ya benchi! Shuleni tunasomeshwa kwa Kijerumani na Kiitaliano, nyumbani ni Kiladini, lugha ya milimani kwetu. Nina lugha tatu za kukaa kimya.

Lakini sina wasiwasi. Bwana harusi, Gebhard, ni daktari wa meno na hajawahi kushika bunduki. Benchi ni lake. Namshukuru sana kwa kuingia katika ukoo wetu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepiga mazoezi asubuhi yote. Hakuna raha kama ile. Unavuta pumzi, unaitoa nusu, dunia inakuwa doa moja jeusi ndani ya tundu la kulengea, na mbao uliyoichonga mwenyewe inakaa shavuni kama mkono wa mtu anayekupenda. Pa! Kisha kimya. Hakuna anayekuuliza mbona husemi.

Tatizo moja. Kwenye sehemu ya kuwekea shavu nilichonga ua la mlimani, petali zote, na mishipa yake. Babu alinionya kwamba pale pawe laini. Nikaona anasema hivyo kwa sababu ni mtu wa watakatifu, haelewi maua. Sasa ua limehamia shavuni kwangu.

Binamu Lorenz aliliona mara moja. Bunduki yake ni ya kiwandani, ya bati, ina vifundo vya kuzungusha kila mahali kama redio. "Bi Kimya," akasema, "umepigwa muhuri posta? Wanakutuma wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Nikafungua mdomo nimjibu kitu kikali sana. Kikatoka kikohozi.

Jioni nikakuta karatasi ya msasa laini kabisa juu ya mkoba wangu. Ni yake. Namchukia kwa shukrani.

Sijalipiga ua msasa. Ni zuri mno.

Jumatano, 4 Septemba

Msiba! Lorenz anamfundisha Gebhard kulenga. Kwa hiari yake! Eti bwana harusi asiaibike mbele ya wakwe. Na mimi je, niaibike?

Nikabuni mpango. Lorenz alipokwenda kununua soda, nikamsogelea Gebhard. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi ile mbele ya kioo. Nikamwambia kwamba siri ya walengaji wakubwa ni kutolifikiria kabisa lile doa. Afikirie kitu kingine. Jino, kwa mfano.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Alisema ni mara ya kwanza mimi kuongea naye na hatasahau. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Akafikiria jino. Akapiga katikati. Akafikiria jino lingine. Katikati tena! Babu, ambaye ndiye msimamizi wa uwanja, alivua kofia. Gebhard akatangaza kwa sauti kwamba ni maarifa ya Nives. Watu wote wakanigeukia. Nikajificha nyuma ya nguzo mpaka wakasahau.

Alhamisi, 5 Septemba

Bibi amenijaribisha vazi la harusi. Sketi mbili, mkanda wa fedha, na kizibao cha mama yake, kinene kama godoro, kimejazwa sufu mabegani. Ni mali ya ukoo na siku ya harusi hakivuliwi hata moto ukiwaka.

Nilipobaki peke yangu nikakiweka kitako begani.

Yesu wangu. Kizibao kinakisukuma mbele. Shingo yangu haifiki. Kwenye tundu la kulengea naona nusu duara, kama mwezi mchanga. Nilichonga bunduki ya msichana mwenye fulana!

Babu angekipunguza kwa msumeno mdogo kabla ya chai. Lakini ameshawaambia watu wa chama chote kwamba mjukuu wake hakukosea hata unywele. Nitamwambiaje? Niliingia karakana. Aliniuliza nataka nini. Nikasema nilikuja kusalimia sanamu.

Ijumaa, 6 Septemba

Akili! Kama kitako hakipungui, bega litapungua. Bibi alipokuwa jikoni anaviringa madonge ya mkate ya kesho, nilifumua mshono wa kizibao na kutoa sufu yote ya bega la kulia. Nikaificha chini ya kitanda. Nikashona tena. Nikajaribu kulenga: duara kamili! Nilibusu kitako. (Ua likaacha alama mdomoni.)

Baada ya chakula Bibi akakitwaa kizibao akipige pasi. Nikasikia yowe. "Nondo! Nondo wamekula bega la mama yangu!" Mimi kimya. Lugha tatu, zote kimya. Bibi akaketi, akavaa miwani, akajaza sufu mpya mara mbili ya ile ya zamani, tena mabega yote mawili yalingane. Akanishika kidevu, akasema, "Usilie, mwanangu. Bibi yako bado ana mikono."

Nililia kweli.

Jumamosi, 7 Septemba

Kanisani sikuweza kugeuka kwa mabega yale. Nilimtazama Shangazi kwa jicho moja.

Uwanjani, kila mtu na vazi lake, Bibi mstari wa mbele. Lorenz akapiga: shada! Gebhard akafumba jicho, midomo ikinong'ona jino gani sijui: shada! Hata padri: ukingoni mwa shada. Kisha Babu akaita jina langu na kuwaambia watu watazame mbao ile.

Nikasogea. Mabega kama mito miwili. Lorenz akanong'ona, "We Nives, mbona umelala nyuma ya bunduki kama unaikimbia? Chukua yangu, kitako chake kinapunguzwa kwa kifundo." Alikuwa hanitanii. Nikatikisa kichwa. Nikanyoosha shingo kama bata. Mwezi mchanga. Nusu pumzi. Pa!

Risasi zilipokwisha Babu akaenda kutazama. Akarudi amefunika mdomo. "Nives," akatangaza. "Bwana harusi. Jino la mbele, juu."

Gebhard akakiendea kibao, akainama, akachunguza kwa makini. "Halizibiki hili," akasema. "Ni la kung'oa."

Kicheko! Na hakuna aliyekuwa mbali kuliko mimi. Benchi. Wakaniinua, maana kwa kizibao kile nisingepanda mwenyewe.

Nilianza kwa Kijerumani. Kikaisha. Nikaingia Kiitaliano. Kikaisha. Watu wakangoja, hakuna aliyecheka. Nikamwona Shangazi ameshika shela lake kwa mikono yote miwili, nikasema kwa Kiladini kwamba namshukuru kwa kunileta mahali ambapo mtu akinyamaza, watu wanasema analenga vizuri.

Basi. Hayo tu. Nilimsahau bwana harusi, padri na wapishi.

Shangazi akaja akanishusha. Machozi yamefika kidevuni. Akasema wengine wote wamejazana kwenye shada, hatajua nani ni nani. "Lakini wewe, mtoto wangu, nitakuona kila siku nikipiga mswaki."

Jumapili, 8 Septemba

Nimemwambia Babu kila kitu. Fulana, sufu, mwezi mchanga. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema kosa la kipimo linatibiwa kwa kusema mapema, basi, na hakuna seremala asiyelijua. Bibi naye alikuwa mlangoni. Akaenda jikoni, akaniletea kipande kikubwa cha keki ya harusi. Nina watu wazuri kuliko ninavyostahili. Nimeahidi kuuliza kwanza, siku zote.

Shangazi na Gebhard wameondoka leo. Wakipata mtoto, kitapigwa kibao kingine cha shabaha. Na mtoto huyo siku moja atahitaji bunduki ya mazoezi. Kwenye karakana kuna kipande kizuri cha mti wa peasi. Nimeanza kukichonga baada ya misa. Bega lake nimelikadiria tu.

Sijamwambia mtu.